Namna ya kuchambua jina la ukoo la Kiingereza na watu wake mashuhuri: tuwafuate akina Leakey

Jina Leakey limetapakaa katika historia ya Afrika Mashariki. Limo kwenye vitabu vya shule vinavyoeleza chimbuko la binadamu, kwenye mnara wa askari wasio na makaburi kule Nyeri, kwenye orodha ya wabunge wa Lang'ata, kwenye kumbukumbu za kesi ya Kapenguria aliyoshtakiwa Jomo Kenyatta na kwenye historia ya kanisa la Kabete. Shida ni kwamba waandishi wengi wakifika hapo huandika "Leakey" basi, wakamwachia msomaji abahatishe ni yupi. Mwanafunzi anamaliza kusoma akiamini kuna mzee mmoja aliyefukua mafuvu Olduvai, akapigana na Waitaliano, akachoma pembe za ndovu na kugombea ubunge.

Mwongozo huu ni wa kuwatenganisha watu hao na kuandaa orodha unayoweza kuitetea mbele ya mwalimu, mhariri au mgeni wa makumbusho. Ni wa mwanafunzi, mwandishi wa habari, muongoza watalii na yeyote anayeandika makala za kamusi elezo kwa Kiswahili. Nimechukua Leakey kwa kuwa ni jina la Kiingereza ambalo watu wake wamegusa kwetu moja kwa moja, lakini njia ni ile ile ukimfuata Frere, Kirk, Steere au Cameron.

Kabla ya yote, shika hili. Kwa desturi ya Waingereza, mtoto huchukua jina la baba na mwanamke akiolewa huchukua la mume. Mwanamke wa pwani yetu, Fatuma binti Salim, hubaki binti Salim hata akiwa na wajukuu. Mwingereza hayuko hivyo. Kwa hiyo orodha inayojengwa kwa jina peke yake huwapoteza mabinti wa ukoo na kuwaingiza wake waliotoka koo nyingine. Anza na mtu, jina lifuate.

Hatua ya 1: Chora jedwali kabla ya kufungua intaneti

Chukua daftari au lahajedwali, upige safu hizi: majina yote kamili, jina la kuzaliwa, amezaliwa lini na wapi, amefariki lini na wapi, baba na mama, mume au mke, alichofanya, na mwisho umezipata wapi habari hizo. Safu ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo itakayokuokoa mtu akikuuliza.

Anza na yule mwenye habari nyingi. Kwetu ni Louis. Mstari wake utasomeka hivi: Louis Seymour Bazett Leakey, alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903, alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru, baba yake Harry Leakey, mmisionari wa Kianglikana, mama yake Mary Bazett.

Sasa tazama jina lake la tatu na jina la mama yake. Bazett ni ukoo wa mama, ukawekwa katikati ya jina la mtoto. Waingereza wamefanya hivyo kwa karne nyingi, na kwa mtafiti hiyo ni njia ya mkato nzuri sana. Mwandishi Caroline Woolmer Leakey, aliyezaliwa Exeter mwaka 1827, alipata Woolmer kwa mama yake vivyo hivyo. Ukikuta jina la katikati linalofanana na jina la ukoo, liandike pembeni kwa alama ya kuuliza na ulitafute upande wa mama kwanza. Wakati mwingine ni la bibi, au la rafiki wa familia aliyesimamia ubatizo, kwa hiyo alama ya kuuliza ibaki mpaka upate ushahidi.

Hatua ya 2: Jua ni jina la aina gani, kisha usikae sana hapo

Majina ya ukoo ya Kiingereza yana mikondo michache. Yapo ya kazi, kama Smith, yaani mhunzi, au Baker, mwokaji mikate. Yapo ya ubini, kama Johnson. Na Wales wana yao, Price iliyotoka kwa ap Rhys, yaani mwana wa Rhys, na Powell iliyotoka kwa ap Hywel. Yapo ya mahali na ya sifa ya mtu. Katika sehemu kubwa ya Uingereza yalianza kushika baada ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, na kufikia mwaka 1400 hivi watu wengi walikuwa wakirithishana jina. Wales walichelewa kwa karne kadhaa.

Faida yake kwako ni moja. Jina la kazi au la ubini lilizuka vijiji vingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo Baker wawili hawana undugu mpaka uthibitishe. Jina adimu kama Leakey linapunguza msitu, lakini halimalizi kazi. Pale Texas, Marekani, kuna mji mdogo uitwao Leakey, makao makuu ya kaunti ya Real, uliopewa jina la mlowezi John Leakey. Wenyeji hulitamka karibu na "Leiki", ilhali akina Leakey wa Kenya ni "Liki". Huyo John usimsogeze kwenye ukoo wa Kabete kwa sababu ya herufi sita tu.

Kumbuka pia tahajia. Zamani karani aliandika alivyosikia, hivyo tafuta Leaky, Leakie na Lakey pamoja na Leakey. Na ukikutana na tovuti inayokuuzia "nembo ya ukoo wako", funga. Kwa sheria ya Uingereza nembo hupewa mtu na kurithiwa na uzao wake. Haipewi jina la ukoo.

Hatua ya 3: Wafuate wanawake, walioingia na waliotoka

Hapa ndipo penye utajiri wote, na ndipo orodha nyingi zinapoanguka.

Anza na walioingia. Mary Leakey, mwanaakiolojia aliyeliona fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus pale Olduvai tarehe 17 Julai 1959, hakuzaliwa Leakey. Alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913 akiitwa Mary Douglas Nicol, akaolewa na Louis mwaka 1936. Meave Leakey, aliyeongoza utafiti wa ziwa Turkana kwa miaka mingi, alizaliwa London mwaka 1942 akiitwa Meave Epps. Aliolewa na Richard, mwana wa Louis na Mary, mwaka 1970. Yaani wanasayansi wawili kati ya wakubwa kabisa wa jina hili walilipata kwa ndoa. Usipoandika Nicol na Epps kwenye safu ya jina la kuzaliwa, hutawapata kamwe kwenye rejista za utoto wao.

Kabla ya Mary kulikuwa na mke mwingine, Frida Avern, aliyeolewa na Louis mwaka 1928 na kuachana naye mwaka 1936. Vitabu vingi humtaja kwa sentensi moja. Sasa fungua ramani ya Olduvai ya wanaakiolojia. Utaona herufi: FLK, HWK, MNK. K ya mwisho ni korongo, neno letu hili hili. FLK ni Frida Leakey Korongo. HWK ni Henrietta Wilfrida Korongo, majina yake kamili. MNK ni Mary Nicol Korongo, lenye jina la Mary la kabla ya ndoa. Na Zinjanthropus, fuvu lililolifanya jina Leakey livume duniani, Mary aliliona pale FLK, kwenye korongo la mke wa kwanza. Muongoza watalii anayejua hilo ana hadithi ya nusu saa mkononi, na kila neno lake ni kweli.

Sasa waliotoka. Louis alikuwa na dada wawili, Julia na Gladys. Gladys aliolewa na Leonard Beecher, ambaye baadaye akawa Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Afrika Mashariki. Julia aliolewa na Lawrence Barham, aliyekuja kuwa askofu wa Rwanda na Burundi. Hao ni watoto wa Harry Leakey, waliolelewa nyumba moja na Louis, lakini ukitafuta "Leakey" katika historia ya kanisa la Rwanda hutaona kitu. Wamo, kwa jina la Barham. Katika jedwali lako wape mistari yao kamili, na jina la ndoa liwekwe wazi ili mwingine akitafuta Beecher au Barham afike hapo.

Halafu panda upande wa mama. Mama yake Mary Nicol alizaliwa Frere, naye ni uzao wa John Frere, yule aliyeandika barua mwaka 1797 kuhusu zana za mawe alizoziona Hoxne, Suffolk, na kudai kuwa ni za zamani mno, watu walipokuwa bado hawatumii chuma. Mjukuu wa John Frere alikuwa Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekwenda Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash kuhusu biashara ya watumwa. Kwa jina lake wamisionari wakaanzisha Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kengele yao iko pale mpaka leo, na ndiyo iliyolipa eneo jina la Kengeleni. Kwa hiyo matatu ya Kisauni inapopita Kengeleni inapita kwenye kumbukumbu ya ukoo wa mama yake Mary Leakey. Orodha ya jina Leakey peke yake isingekufikisha huko hata ungeisoma mwaka mzima.

Hatua ya 4: Ingia kwenye kumbukumbu za Uingereza, kwa tarehe zake

Usitafute ovyo. Mwaka wa kuzaliwa ndio unaokuambia pa kwenda.

Kabla ya tarehe 1 Julai 1837 England na Wales hazikuwa na cheti cha kuzaliwa cha serikali. Ulichonacho ni rejista za kanisa, zilizoanza kwa amri ya mwaka 1538: ubatizo, ndoa na maziko. James Leakey, mchoraji wa picha ndogo ndogo za nyuso, alizaliwa Exeter mwaka 1775 na kufariki mwaka 1865. Ni babu yake Harry, yaani babu mkuu wa Louis. Huyu na binti yake Caroline unawatafuta kwenye ubatizo. Tarehe ya ubatizo si tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo usizichanganye kwenye jedwali. Wako waliobatizwa wakiwa wakubwa.

Kuanzia Julai 1837 upo usajili wa serikali. Scotland walianza mwaka 1855 na wana mfumo wao tofauti. Faharasa za England na Wales zimepangwa kwa robo ya mwaka, na kila robo huitwa kwa mwezi wake wa mwisho: Machi, Juni, Septemba, Desemba. Ni robo aliyosajiliwa mtoto. Huenda siyo aliyozaliwa, maana wazazi walipewa siku 42. Mary, wa Februari 1913, mtafute robo ya Machi, ukimkosa uangalie Juni, na umtafute kama Nicol. Kuanzia robo ya Septemba 1911 faharasa ya kawaida inaonyesha pia jina la ukoo la mama. Ukimuona Mary Nicol ambaye mama ni Frere, umempata. Huo ndio uzuri wa kujaza safu ya mama mapema. Kwa waliozaliwa kabla ya hapo, faharasa ya ofisi kuu ya usajili iliyoko mtandaoni imeongeza jina la mama tangu mwaka 1837, ila lazima ufungue akaunti. Tovuti za FreeBMD na FamilySearch hazitozi ada ya kutafuta, na kwa mtu anayelipia bando la simu hiyo si habari ndogo.

Sensa zilifanyika kila miaka 10 tangu 1801, lakini majina ya watu wote yanaanza kupatikana mwaka 1841. Ile ya 1841 ina mtego: umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi tano iliyo karibu, hivyo mtu wa 39 anasomeka 35. Kuanzia 1851 unapata umri halisi, undugu na mwenye nyumba, na parokia aliyozaliwa. Mtu kama James, wa Exeter 1775, anatakiwa aonekane na miaka 75 katika sensa ya 1851. Sensa hufungwa kwa miaka 100. Ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ya 1931 ya England na Wales iliungua mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Katikati hapo unategemea rejista ya Septemba 1939, iliyoandaliwa kwa ajili ya vitambulisho.

Usisahau wosia. Kuanzia mwaka 1858 kuna orodha ya kitaifa ya mirathi ya England na Wales, yenye jina la marehemu, tarehe ya kufa na mara nyingi jina la mke au mtoto aliyesimamia. Kwa aliyefia ng'ambo lakini akaacha mali Uingereza, orodha hiyo hutoa mwanga pale cheti cha kifo kinapokosekana.

Hatua ya 5: Rudi upande huu wa bahari

Louis alizaliwa Kabete. Ukimtafuta katika faharasa ya kuzaliwa ya England ukamkosa, usifikiri kumbukumbu imepotea. Hukuwa mahali pake. Kwa waliozaliwa huku, anza na rejista za kanisa na nyaraka za wamisionari. Kumbukumbu za CMS, shirika lililomtuma Harry, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham. Kwa walioajiriwa, waliopewa ardhi au waliofungua mirathi huku, soma gazeti rasmi la serikali ya Kenya, ambalo matoleo yake ya kikoloni yameingizwa mtandaoni na unaweza kutafuta kwa neno. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iko Moi Avenue, Nairobi, ndani ya jengo la zamani la benki. Unajiandikisha chumba cha kusomea na kulipa ada ndogo, kisha unaomba faili kwa namba. Nenda na namba tayari. Ukienda na jina tu utapoteza asubuhi nzima.

Kwa askari, njia ni fupi. Nigel Gray Leakey alizaliwa Kenya mwaka 1913, akawa sajini katika King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Tarehe 19 Mei 1941, pale Colito, Ethiopia, aliruka juu ya kifaru cha Waitaliano, akaubandua mfuniko na kuwaua waliokuwamo, akamwacha dereva na kumlazimisha akiendeshe mpaka mafichoni. Aliuawa siku hiyo hiyo akishambulia kifaru kingine. Msalaba wake wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ulitangazwa Novemba 1945 kwenye gazeti rasmi la London, na maelezo ya tukio yamechapwa humo neno kwa neno. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina faharasa yake mtandaoni; Nigel hana kaburi linalojulikana, jina lake liko kwenye mnara wa Afrika Mashariki, Nyeri. Ukiwa Nyeri, ingia uone mwenyewe na upige picha ya maandishi.

Ukoo huu ulivuka mipaka pia. Colin Leakey, mtoto wa Louis na Frida, aliyezaliwa mwaka 1933, alikuwa mtaalamu wa maharage na alifundisha Makerere. Ukimtafuta kwenye orodha za Kenya tu utamkosa.

Hatua ya 6: Tenganisha waliofanana

Kanuni ninayoitumia: usiunganishe habari mbili kwa mtu mmoja mpaka mambo mawili kati ya matatu yaoane, yaani tarehe, mahali na mzazi au mwenzi. Jina halihesabiki.

Iangalie inavyofanya kazi. "Mary Leakey" wako wawili katika nyumba moja: mama yake Louis, Mary Bazett, na mke wake, Mary Nicol. Barua ya Kabete ya mwaka 1910 inayomtaja Bibi Leakey ni ya mama mkwe, kwani Mary wa Olduvai hakuwa hata amezaliwa.

Wenye Msalaba wa Victoria ni wawili: Nigel wa 1941, na Joshua Leakey wa kikosi cha miamvuli, aliyeupata kwa tukio la Agosti 2013 huko Helmand, Afghanistan, ukatangazwa Februari 2015. Ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini kati yao kuna miaka 72.

Majenerali ni wawili, baba na mwana: Rea Leakey, mdogo wake Nigel, na David, aliyeongoza jeshi la Umoja wa Ulaya Bosnia kisha akawa Black Rod, ofisa wa itifaki na usalama wa Bunge la Mabwana la Uingereza.

Magazeti ya Kenya ndiyo yenye mitego mingi. Leakey aliyeuawa na Mau Mau mwaka 1954 ni Gray, baba yake Nigel na binamu wa Louis. Leakey aliyekuwa mkalimani katika kesi ya Kapenguria ni Louis. Leakey mbunge wa Lang'ata kuanzia 1979 hadi 1992, kwa tiketi ya KANU, ni Philip. Leakey wa chama cha Safina cha 1995, na mkuu wa utumishi wa umma kuanzia 1999 hadi 2001, ni Richard, kaka yake Philip. Ukipata kipande cha gazeti kisicho na jina la kwanza, tarehe ya gazeti ndiyo itakayosema ni nani, kwa hiyo usikubali kipande kisicho na tarehe.

Tafuta na majina mengine ya mtu huyo huyo. Caroline alichapisha riwaya mwaka 1859 baada ya kuishi Tasmania, lakini kwenye jalada hakuna Leakey. Alijiita Oliné Keese. Louis alipitia jando na vijana wa Kikuyu wa rika lake, na kwa Kikuyu aliitwa Wakuruigi. Masimulizi ya wazee wa Kiambu yanaweza kumtaja hivyo tu.

Hatua ya 7: Kazi impe aliyeifanya

Ongeza safu mbili katika jedwali: nani aliona, na nani alitangaza. Hili nalisisitiza kwa moyo wote, kwa sababu jina kubwa hufunika majina ya watu wetu, na kila makala ya Kiswahili inayorudia kosa hilo inalizidisha.

Fuvu la 1959 aliliona Mary. Louis siku hiyo alikuwa amelala kambini, mgonjwa. Taya la mwaka 1960, lililokuja kuwa kielelezo cha spishi ya zamadamu iitwayo Homo habilis, aliliona kijana wao Jonathan. Mtoto wa Turkana wa mwaka 1984, mifupa iliyokamilika kupita yote ya kale iliyojulikana wakati huo, aliigundua Kamoya Kimeu, mtu wa Ukambani aliyeanza kazi kama kibarua wa kuchimba na kuwa mmoja wa wagunduzi wakubwa wa masalia duniani. Mwaka 1985 alipokea medali ya National Geographic Society kwa mkono wa Rais Reagan. Jenasi nzima ya nyani wa kale, Kamoyapithecus, ina jina lake. Fuvu la zamadamu mwingine, Kenyanthropus, la mwaka 1999, lililotangazwa na Meave na wenzake mwaka 2001, aliliona Justus Erus. Na Heselon Mukiri alifanya kazi na Louis kwa miongo mingi.

Hawa hawana jina Leakey, na orodha ya jina la ukoo haina safu yao. Waandike ndani ya maelezo ya kila ugunduzi, kwa majina kamili, si "wasaidizi". Ukitumia sentensi "Leakey aligundua", ipitie tena: Leakey yupi, na ni yeye kweli aliyeinama akaona?

Hatua ya 8: Panga na uandike

Panga kwa vizazi ikiwa una ushahidi wa undugu, kwa mwaka wa kuzaliwa ikiwa huna. Wasiothibitishwa, kama yule wa Texas, watengee sehemu yao chini. Mahali na taasisi zenye jina hilo, kama Camp Leakey ya Borneo iliyoanzishwa na mtafiti wa orangutani Biruté Galdikas mwaka 1971, zikae peke yake; ni heshima kwa Louis, si wanaukoo.

Kwa walio hai, andika tu yale ya hadharani: cheo, kazi, tuzo. Anwani, watoto wadogo na maradhi yao acha.

Kila mstari uwe na jina kamili, miaka, jina la kuzaliwa kama lipo, jambo moja au mawili, na kiungo cha undugu. Kwa mfano:

Richard Erskine Frere Leakey (1944–2022), mwana wa Louis na Mary. Aliongoza Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kisha idara ya wanyamapori. Julai 1989 tani 12 za pembe za ndovu zilichomwa Nairobi mbele ya Rais Moi kwa mpango wake. Alipoteza miguu yote miwili chini ya magoti baada ya ajali ya ndege ya 1993.

Gladys Beecher, aliyezaliwa Leakey, binti wa Harry na dada wa Louis. Mke wa Askofu Mkuu Leonard Beecher.

Louise Leakey (aliyezaliwa 1972), binti wa Richard na Meave. Mtafiti wa masalia ya Turkana. Mume wake, Emmanuel de Merode, ni mkurugenzi wa hifadhi ya Virunga, Kongo, tangu 2008. Louise amebaki na jina la kuzaliwa.